Dakika Kumi na Moja za Kilango cha Tisa

Saa tatu kasoro robo asubuhi mjukuu wangu alikizima kishikwambi cha ndiva, na vilango vyote ishirini na vitatu vya mfereji wetu vikajifunga kimoja baada ya kingine, kutoka bwawani juu hadi shamba la mwisho kule bondeni. Nilivihesabu kwa sikio. Kilipolia cha ishirini na tatu niliketi juu ya jiwe, kisha nikasimama tena.

"Babu, kaa," alisema Navoneiwa bila kuinua macho. "Ukizunguka hivyo, kitakachochoka si kifaa, ni mimi."

"Nimekaa."

"Umesimama, Babu."

Niliketi. Maji yalikuwa yamefika alama ya tano kati ya saba zilizochongwa ukutani. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo, walilolichimba babu wa babu zetu katika mlima huu wa Upare. Hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi, shamba moja baada ya jingine, kwa zamu. Asubuhi hiyo lilikuwa linaelekea kujaa, na lango kuu halikuwa limefunguliwa. Chini yetu maharage ya watu ishirini na watatu yalikuwa yametoa maua, na ua la harage halina subira.

Navoneiwa alikuwa fundi wa mifumo wa Mamlaka ya Bonde. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa wanane kwa milima yote, naye alikuwa amepewa siku moja tu kwa ajili yetu. Ifikapo saa sita mchana mtandao wa bonde ungeacha kuvisikiliza vifaa vya usanifu wa zamani, na kifaa kisichosikilizwa hakipewi ruhusa ya kufungua lango hata moja. Sheria hiyo iliwekwa baada ya Ukame Mkuu, ili asiwepo tena mtu wa kujifungulia mto kwa nguvu zake. Tukichelewa, vilango vingebaki vimefungwa hadi zamu yetu nyingine ya fundi, siku ishirini na moja baadaye.

"Asilimia kumi na nne," alisema.

"Ilikuwa kumi na nne tangu nilipokaa."

"Hukukaa muda mrefu."

Kilikuwa kishikwambi cha bei ya chini, cha aina waliyogawiwa zamani watoto wa darasa la tatu. Kilifungwa ndani ya kisanduku cha bati juu ya nguzo ya lango kuu, kioo chake kina ufa wa mshazari, na jicho lake dogo la kamera limefifishwa na jua. Kwa miaka thelathini na mmoja kilikuwa kimegawa maji bila ugomvi, isipokuwa ugomvi mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake tangu siku ya kwanza. Dole gumba langu peke yake ndilo kililokuwa kikilikubali.

"Nieleze tena unachokifanya," nilisema. "Polepole. Wala usinieleze kama mzee."

Alicheka. "Mambo mawili. Kwanza nabadilisha programu ya msingi, ile inayokiamsha kifaa na kukiambia kwamba kina kioo, kina betri, kina kumbukumbu. Halafu juu yake naweka mfumo endeshi mpya. Wa zamani ulihesabu kwa biti thelathini na mbili. Mpya unahesabu kwa sitini na nne, na hauna hata mlango wa kuingizia hesabu za zamani."

"Na chuma chenyewe kitauweza?"

"Kiliuweza tangu kilipotoka kiwandani. Walikifungia mfumo mdogo ili kuokoa nafasi ya kumbukumbu."

"Kwa hiyo miaka yote hii kilikuwa na akili ambayo hakikuitumia."

"Kama baadhi ya wanafunzi wako, Babu."

Sikucheka, lakini niliketi.

*

Ilipotimia saa nne kasoro dakika kumi kioo kiliwaka tena. Si kwa rangi nilizozizoea. Kilikuwa cheupe, na maandishi yake yalikuwa madogo na ya haraka.

"Sasa ndiyo kazi yako," alisema Navoneiwa, akanisogezea kile kigoda alichokuwa amekikalia. "Kanuni zako zilizoandikwa zimehama zote. Lakini kifaa hiki hakikufanya kazi kwa kanuni. Kilifanya kwa mazoea. Mazoea yamo kwenye hesabu za zamani, na hayahami yalivyo. Inabidi kila zoea litafsiriwe kuwa sentensi, nawe ukubali au ukatae. Ukigusa HAMISHA, linaingia. Ukigusa ACHA, linafutika."

Nilielewa vizuri kuliko alivyodhani. Wakati kishikwambi kilipoletwa, wataalamu wa mradi walikataa kukiandikia kanuni. Walisema mito mingi imeandikiwa kanuni na bado watu wanapigana kwa majembe. Walitaka kijifunze kwa mkono wa mtu mwadilifu. Kwa msimu mzima mtu huyo angefungua na kufunga vilango vyote mwenyewe, kwa mkono, huku vijicho vya kamera vikimtazama kutoka kila nguzo. Mkutano uliulizwa ni nani. Nilikuwa mwalimu mkuu, nina umri wa miaka hamsini, na jina langu, Eliakimu Mbwambo, lilitajwa na watu watatu kwa wakati mmoja.

Kanuni niliziandika baadaye mimi mwenyewe, kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi ambao hadi leo umesimama kando ya lango kuu. Ya mwisho ilisema: *Atakayempunguzia mwenzake maji hatagusa lango tena maisha yake.* Katibu wa kamati aliomba tuongeze neno "kwa makusudi". Nilikataa. Nilimwambia maji yakishakwenda hayaulizi nia.

Sentensi ya kwanza ilitokea. *Kilango cha 1: gawio kamili. Hakuna tofauti na kanuni.* Niligusa HAMISHA.

*Kilango cha 4: kisifunguliwe mvua ikinyesha. Chanzo: mkono wa mlinzi.* Nilikumbuka. Shamba la nne liko kwenye mteremko, udongo wake hukimbia. Niligusa HAMISHA na moyo wangu ukanyooka kidogo. Mambo niliyoyafanya bila kuyasema yalikuwa yamehifadhiwa.

"Umetabasamu," alisema Navoneiwa.

"Jua linaniingia machoni."

Tulifika cha tisa.

*Kilango cha 9: kicheleweshwe kufungwa, wastani wa dakika 11. Upungufu hutolewa: kilango cha 23. Chanzo: mkono wa mlinzi. Sababu: haijulikani.*

Nilisoma mara moja. Nikasoma tena, kwa kidole, kama mtoto.

"Kuna kosa hapa," nilisema.

Navoneiwa aliinama. Nilimwona akisoma kwa jicho la fundi, kisha kwa jicho la mjukuu. "Cha tisa ni cha nani?"

"Cha marehemu Senzota. Sasa analima mjane wake, Nakijwa."

"Na cha ishirini na tatu?"

Nilitazama ukutani. Maji yalikuwa yamefika alama ya sita.

"Cha Kisaka," nilisema.

Hakuwa na haja ya kuuliza Kisaka ni nani. Alikulia hapa. Alipokuwa mtoto, wenzake walimwita mzee yule "mwizi wa maji", naye nadhani aliita pamoja nao.

Ule ugomvi mmoja ulikuwa huu. Miaka ishirini na sita iliyopita, mchana, Kisaka alikutwa na jembe amelikata tuta la mfereji juu ya shamba lake. Alisema maji hayamtoshi. Alikuwa amesema hivyo kwa misimu mitano. Nami kila mara nilimjibu kwamba kifaa hakina ndugu wala rafiki, na kwamba aongeze bidii na apunguze maneno. Zamu zetu hazikuwa na dakika sawa. Bwawa likijaa kifaa huzifupisha, likipungua huzirefusha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuipima zamu yake kwa saa ya mkononi na kuilinganisha na ya jirani. Ni mtu wa mwisho peke yake anayejua, kwa sababu yeye hupata kinachobaki. Nilimsimamisha juu ya jiwe la ndiva mbele ya watu wote wa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, nikamsomea ubao. Alinyimwa maji misimu miwili. Mkewe alibeba maji kichwani kutoka kijitoni, asubuhi na jioni, mpaka mahindi yaliponyauka.

"Sikumpendelea Senzota," nilisema. "Vone, nisikilize. Sikumpendelea mtu yeyote."

"Kuna mifano," alisema kwa sauti ya chini. "Kifaa kilihifadhi picha chache za msimu wa kufundishwa, kwa kila zoea. Unataka kuona?"

Sikutaka. Nikamwambia afungue.

Picha zilikuwa ndogo na zenye madoadoa, hazikuwa na sauti. Niliona kilango cha tisa, na mtu aliyevaa koti la kaki anakuja kwa hatua ndefu. Mtu huyo alikuwa mimi. Aliinama, akashika mpini wa kilango ili akifunge. Halafu kutoka nyuma ya ua wa migomba akatokea Senzota, na fimbo yake, na kofia yake ya sufu.

Senzota alinizidi miaka ishirini. Mkubwa wa namna hiyo hasalimiwi kwa mkono mmoja, wala hasalimiwi ukiwa umeinamia kazi. Nilimwona yule mimi wa picha akiuacha mpini, akasimama wima, akampa mikono yote miwili. Midomo yetu ikaanza kusogea. Nilijua kila tulichokuwa tukikisema, ijapokuwa hapakuwa na sauti: habari za nyumbani, za ng'ombe, za maharage, za yule mtoto aliyekwenda mjini, za baridi, za mguu. Huwezi kumkatiza mtu mzima katikati ya salamu. Nyuma yetu maji yalikuwa yanaingia shambani mwake.

Navoneiwa aligusa mfano mwingine. Siku nyingine, koti lile lile, mikono miwili. Mwingine. Mikono miwili.

"Fungua picha za cha ishirini na tatu," nilisema.

Kisaka alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, na alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Alikuja mbio kutoka kwenye matuta, akajifuta mikono kwenye suruali, akainama kuniamkia. Yule mimi wa picha hakuinua kichwa. Midomo yake ilisogea mara moja, kwa neno moja, "Marahaba", na mkono wake ulikuwa tayari umekifunga kilango.

*

"Babu," alisema Navoneiwa, "sikiliza kabla hujasimama."

Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Ukigusa ACHA, kosa limekwisha. Leo hii. Mzee Kisaka anapata maji yake yote kuanzia mchana wa leo mpaka kishikwambi hiki kife. Hakuna anayeumia."

"Na picha?"

"Zinafutika na kumbukumbu ya zamani. Mfumo mpya hauzisomi."

"Kwa hiyo atapata maji yake, na atabaki mwizi."

"Babu, una miaka themanini na mmoja. Ukisema, watakusomea ubao wako mwenyewe. Na ukisomewa ubao, huruhusiwi kugusa lango. Na dole gumba lako ndilo pekee linalokubaliwa hapa. Zimebaki sentensi kumi na nne. Unaelewa? Uadilifu wako utawanyima maji watu ishirini na watatu, na yeye akiwemo."

Ilikuwa hoja nzuri. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa kijiji hiki kujenga hoja kwa miaka thelathini na minane, na yeye alikuwa mmoja wao. Nilitafuta mahali pa kuivunja nisipaone. Nilizunguka nguzo mara mbili. Bati la kisanduku lilikuwa la moto. Nilimfikiria Nakijwa pia, mjane asiye na kosa, ambaye alikuwa amepanda miche kwa kadiri ya maji aliyoyazoea.

"Kisimamishe," nilisema.

"Nini?"

"Hicho kifaa. Kinaweza kusubiri?"

"Saa moja. Kikizidi hapo kinarudi mwanzo, na hatuwahi. Unakwenda wapi?"

"Kumwita mtu aone kabla hakijafutwa."

"Nikupigie picha kwa simu yangu! Huna haja ya kwenda!"

"Nilimhukumu kwa mdomo wangu," nilisema, "sitamwomba atazame simu."

Njia ya kuteremka ni ya dakika ishirini na tano kwa mtu mwenye magoti ya uzee. Niliteremka kando ya mfereji mkavu, nikipita kilango kimoja baada ya kingine. Watu walikuwa wamesimama mashambani na majembe yao, wakiniangalia, na kila mmoja aliuliza jambo moja tu, nami kila mmoja nilimjibu kwamba kazi inaendelea. Kwenye kilango cha tisa Nakijwa alikuwa ameegemea ua, mikono ina udongo.

"Shikamoo Mwalimu! Karibu! Habari za toka juzi?"

"Marahaba, Mama. Nzuri."

"Na Vone hajambo? Na kifua chako? Nilikusikia ukikohoa kanisani nikasema..."

"Mama, nina haraka," nilisema, nikapita.

Sijawahi kufanya hivyo. Nilipinda kona bila kugeuka.

Kisaka alikuwa amechuchumaa chini ya kilango chake, anatazama udongo uliopasuka. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Kwa miaka mingi nilikuwa namwona kwa mbali tu. Alinyanyuka taratibu.

"Shikamoo Mwalimu."

Mdomo wangu ulikuwa tayari na neno lile moja. Nililizuia.

"Kisaka," nilisema, "ulikuwa unasema kweli."

"Kuhusu nini?"

"Maji. Dakika kumi na moja za kila zamu yako zilikuwa zinakwenda kilango cha tisa. Kifaa kilijifunza kwangu. Ushahidi uko juu, na utafutika karibu na saa sita. Njoo uone."

Nilitarajia angepiga kelele. Alichukua shati lake kwenye kigingi, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Tangulia," alisema. "Wewe ndiye mwenye haraka. Mimi nimesubiri."

*

Tulifika juu zimebaki dakika nne za ile saa moja. Navoneiwa alitupungia mkono kutoka mbali, kisha akakumbuka adabu na kumwamkia Kisaka kwa kupiga goti. Maji yalikuwa yanalamba alama ya saba. Vijito vyembamba vilikuwa vimeanza kupita juu ya ukingo.

Nilimwonyesha Kisaka sentensi ile. Alisoma bila miwani, akikishika kisanduku kwa mikono miwili. Kisha akaona picha. Zile za Senzota alizitazama mara moja. Zile zake alizirudia mara tatu.

"Nilikuwa nakimbia," alisema. "Kila siku nilikuwa nakimbia ili nisikukose."

"Naona."

"Hukugeuka hata siku moja."

"Naona, Kisaka."

"Mke wangu aliniuliza mpaka siku anakufa," alisema, na sasa sauti yake ilipanda. "'Baba Nangasu, kweli hukuiba?' Mke wangu, Mwalimu! Miaka ishirini na minne tuko kitanda kimoja! Na wewe ulikuja mazishini ukaketi viti vya mbele!"

"Mzee, samahani," alisema Navoneiwa. "Dakika mbili. Babu akubali au akatae, la sivyo kifaa kinarudi mwanzo."

Kisaka alinyoosha kidole kuelekea ubao mweusi. "Soma ile ya mwisho. Kwa sauti. Kama ulivyonisomea."

Nilipanda juu ya jiwe la ndiva. Hakuna aliyeniambia nipande. "Atakayempunguzia mwenzake maji," nilisoma, "hatagusa lango tena maisha yake."

"Kuna neno 'kwa makusudi' hapo?"

"Hakuna."

"Basi usiguse."

"Mzee Kisaka!" alisema Navoneiwa. "Dole ni lake! Na wewe shamba lako litakauka!"

"Shamba langu linajua kukauka."

Nilishuka kwenye jiwe. Kichwa changu, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinazunguka kama punda wa kinu, kilitulia. "Vone, iko njia ya kumweka kaimu. Mlinzi akiugua. Iliandikwa na nani?"

"Wewe," alisema. "Mlinzi anagusa mara moja, kaimu anagusa, mpaka mkutano utakapokaa." Kisha akanielewa, macho yakamtoka. "Ila sharti uguse kwanza."

Nilimgeukia Kisaka. "Naomba ruhusa ya kugusa mara moja. Ya mwisho. Ukikataa sitagusa."

Maji yalikuwa yanamwagika sasa juu ya ukingo, yanakwenda kwenye majani ambayo si ya mtu. Kisaka aliyatazama.

"Na Jumamosi?" aliuliza.

"Jumamosi, baragumu la msaragambo likilia, nitasimama hapo uliposimama wewe, na nitasema yote. Kisha mkutano utachagua mlinzi."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

"Gusa."

Niligusa. Kioo kikaomba dole la pili. Kisaka aliweka lake, na kifaa kikalikataa. Alilifuta kwenye suruali, kikalikataa tena. Miaka sitini ya mpini wa jembe ilikuwa imezifuta alama zake. "Lilambe," alisema Navoneiwa, "litie mate, lisukume taratibu!" Kisaka alilitia mate. Mara ya tatu kioo kikageuka kijani, na jina langu, lililokuwa pembeni ya kioo kile kwa miaka thelathini na mmoja, likatoweka.

Sentensi ya kilango cha tisa ilikuwa bado inasubiri. Aligusa ACHA bila kuchelewa. Zilizobaki kumi na nne alizisoma moja moja kwa sauti, akiniuliza maana ya kila moja, nami nikamweleza, mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo.

Saa sita kasoro dakika sita kifaa kilizimika, kikakaa kimya kiasi cha kunitoa jasho, kisha kikaamka. Kilango cha kwanza kililia. Maji yakaondoka.

*

Kisaka alisema anataka kuyaona yakifika. Nilimwomba nimfuate, naye hakusema ndiyo wala hapana.

Tulisimama kwenye kilango cha tisa kwa kuwa ilinipasa. Nakijwa alitoka nyuma ya migomba, mikono imeoshwa sasa, akaanza pale alipokatizwa asubuhi, kifua changu, kikohozi, dawa ya majani aliyokuwa ameniwekea. Katikati ya maneno yake kilango kikajifunga. Aligeuka.

"Mbona leo mapema?"

Nilimweleza. Haikuchukua muda mrefu. Jambo lenyewe ni fupi. Alimtazama Kisaka, akamtazama tena, kisha akatazama matuta ya miche yake, mistari miwili ya mwisho ambayo maji hayakuifikia.

"Mume wangu alikuwa mtu wa maneno mengi," alisema mwishowe. "Mungu amrehemu. Baba Nangasu, mistari hii miwili nitaing'oa."

"Usiing'oe leo," alisema Kisaka. "Ngoja tuone mvua."

Tulipofika kilango cha ishirini na tatu jua lilikuwa limeegemea magharibi, na maji yalikuwa yanakuja mfereji mzima, mazito, ya rangi ya chai. Kilango kikafunguka. Udongo uliopasuka uliyameza mara ya kwanza, ukayameza mara ya pili, kisha ukakubali kuyaacha yapite. Kisaka alivua viatu akaingia.

Nilisubiri mpaka alipotoka. Kisha nikanyoosha mikono yote miwili.

Aliiangalia. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka kumi na saba, nilimfundisha kusoma. Mbele ya watu lingekuwa jambo la kuchekesha. Alijifuta mkono wake wa kulia kwenye suruali, kama zamani, akanipa huo mmoja. Wa kushoto alibaki nao.

"Habari za nyumbani?" niliuliza.

"Nyumbani hakuna mtu," alisema. "Nangasu yuko Tanga. Mama yake, unajua."

"Na Nangasu hajambo?"

Alinitazama kama mtu anayepima iwapo anayeuliza anataka jibu. "Alijifungua mwezi uliopita," alisema. "Pacha. Mmoja alikuwa mdogo sana, walimweka kwenye kile chumba chao cha joto. Nilikwenda. Nilikaa siku tisa."

"Na sasa?"

"Sasa ananyonya. Mdogo ndiye mwenye kelele." Akaanza kunieleza habari za safari, za daktari aliyekuwa mtoto kuliko wagonjwa wake, za jina waliloshindwa kukubaliana, na mkono wake ulikuwa bado umo ndani ya mikono yangu.

Kilango kililia nyuma yetu, kikajifunga kwa wakati wake. Tulikuwa bado tunasalimiana.